Kokoto za Dada

Wiki tatu nzima dada mtu alilazwa hospitali na mguu uliovunjika, na wiki zote hizo roho yake ilikuwa kwenye trei moja tu. Kitaluni kwake mimea ya miambani ilikuwa tele: ya majani manene kama vidole vya mtoto, ya kutambaa, ya maua ya zambarau yanayofunguka adhuhuri. Hiyo ikifa, utapata mingine. Lakini trei ya dirishani ilikuwa na mimea kumi na mmoja, midogo, ya kijivu, iliyofanana na mawe hata mbuzi angeipita. Ilitoka kwenye kilima kimoja, na kilima chenyewe wachimba mawe walikwisha kukilipua. Duniani kote haikubaki mingine. Yeye aliiita "kokoto zangu", maana mapenzi hayakosi majina.

Siku aliporudi nyumbani, mdogo wake, fundi mwashi, alimpokea mlangoni. Alikuwa amemjengea ngazi mpya ya zege, pana, asije akateleza tena.

"Panda, dada. Hiyo haina mchezo."

Akapanda kwa magongo, akasifu kazi, kisha akatupa jicho dirishani. Trei ilikuwa tupu, imeoshwa.

"Mdogo wangu, kokoto zangu ziko wapi?"

"Si uliniambia kwenye simu niziangalie, zisiguswe na maji? Nikajua umeziweka za ujenzi." Akanyoosha mwiko kwenye ngazi. "Umezikanyaga sasa hivi."

Gongo moja likamponyoka, wala hakulisikia likianguka.

Alipoelezwa kwamba zile zilikuwa mimea, fundi akauweka mwiko chini. "Nikashangaa mbona laini," akasema kwa sauti ndogo. "Moja ilibonyea, nikaitupa. Fundi hachanganyi jiwe bovu."

Waliukuta huo mmoja kwenye kifusi, umechubuka lakini u hai. Fundi akashusha pumzi. "Basi utazaa mingine."

"Hauzai peke yake. Lazima iwe miwili."

Fundi akaleta nyundo na tindo, akaanza kuivunja ngazi ambayo asubuhi alikuwa ameitangaza mtaa mzima. Kila kokoto aliyoichomoa aliipuliza vumbi, akaibonyeza kwa kidole gumba, akamwinulia dada yake.

"Hii je, dada?"

"Hilo ni jiwe."

"Na hii?"

"Jiwe, mdogo wangu."