Mto Uliopanda Kwa Ma Agnetha

Simu ya Boniface ilikuwa haipatikani, na kopo la rangi nyekundu lilikuwa naye.

Nilizunguka meza mpaka injinia Shadya akaniambia, "Mzee wangu, kaa basi. Unanitia kizunguzungu." Nikakaa. Nikasimama tena.

Shadya amepanga chumba cha mbele nyumbani kwangu Kashai, humo anachora barabara kwa kompyuta. Mimi nilistaafu ukarani bandarini Kemondo. Programu yake nilijifundisha kwa kumchungulia begani, na mwezi haukuisha kompyuta ikawa inaniamkia shikamoo. Huamini? Kaiulize.

Barabara ya safari hii inapita Kimwani, kule Muleba. Mpima wetu, Najibu, alileta faili la pointi: kila pointi na kimo chake, na jina fupi la kitu alichokipima. Mto aliuandika MT, mti akauandika MTI. Programu yetu inautambua mto kwa herufi MTO. Ikiziona mwanzoni mwa jina, inaziunganisha pointi yenyewe kuwa mstari wa buluu, kisha kila upande inaweka ukanda wa hifadhi, na nyumba iliyo ndani ya ukanda huo haina maisha. Siku mbili kabla ya hapo, Shadya alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaona nimsaidie. Nikaiamuru kompyuta: kila penye MT, weka MTO. Ikamaliza kabla sijapepesa macho. Nikajipongeza kwa kutafuna punje za kahawa.

Mchoro ukatumwa ofisi ya barabara Muleba. Asubuhi ya siku ile ya kopo Shadya alifungua mchoro wa ubavuni, ule unaoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, akaniita.

"Mzee, njoo uone mto unaopanda kilima."

"Mito ya hivyo Muleba ipo," nikasema. "Mmoja naujua, kila Jumapili unapanda kwenda kusalimia wakwe."

Hakucheka. Alisogeza kishale juu ya pointi moja. MTOI.

"Na mti huu ulioota O katikati, nao ni wa wakwe?"

Kompyuta ilikuwa imenitii. Kila MT, hata ile iliyojificha ndani ya MTI. Milamula, ile miti iliyopandwa kwenye mpaka wa kibanja, shamba la migomba la Ma Agnetha, mjane wa Kimwani, ilikuwa imegeuka mto, na nyumba yake imeangukia ndani ya ukanda. Boniface na wenzake wa ofisi hiyo ya barabara walikuwa wametoka Muleba asubuhi hiyo kwenda kuipiga X ya kubomolewa. X ikishaingia ukutani, kuifuta kunataka mihuri mingi kuliko kujenga nyumba mpya.

"Neno zima, Mzee! Kuna kisanduku pale, ukikitia tiki inabadili neno zima tu."

"Nilikiona. Nikadhani ni cha watu wasiojiamini."

"Na kabla ya kubadili chochote?" Vidole vyake vilikuwa vinakimbia, alishalifungua upya faili la Najibu.

"Natunza kopi."

"Na baada ya kubadili?"

"Natazama ubavuni. Maji yakipanda, nimekosea mimi, siyo Mungu."

Mchoro mpya ulijichora kwa kusuasua, mimi nikihesabu vigae vya sakafu. Shadya aliutuma kwenye simu ya Boniface, tukangoja tiki ya pili ya kuonyesha umemfikia. Tiki moja. Tukaitazama tiki ile kama watu wanaotazama sufuria. Tiki moja.

"Najibu alikula ndizi kwa huyo mama," nikakumbuka. "Atakuwa na namba yake." Alikuwa nayo. Nikapiga, nikaweka spika.

"Ma Agnetha, waitu, wamefika?"

"Wamefika. Wanasema nimejenga mtoni."

"Wamepaka?"

"Nimewapa ndoo. Nimewaambia wakachote maji kwenye huo mto wao. Ikirudi imejaa, wapake nyumba, wanipake na mimi mwenyewe. Mpaka sasa wanazunguka kwenye migomba."

Shadya akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na hapo tiki zikawa mbili: Boniface alikuwa amepanda juu ya kilima kutafuta mtandao wa laini yake, apige aulize mto uko wapi. Akaufungua mchoro mpya. Milamula ilikuwa imerudi kuwa milamula. Tulimsikia kwenye simu ya Ma Agnetha akiteremka na kupiga kelele, "Fungeni kopo! Fungeni hilo kopo!"

"Sasa," akasema Ma Agnetha, "nipe huyo aliyenichimbia mto."

Shadya alinitazama. Nikatazama dari.

"Ni mimi, waitu."

"Jumamosi uje. Ndoo iko hapa."

Nilikwenda. Mto wa kweli uko bondeni, na kilima cha Ma Agnetha, nakuapia, kinarefuka kila unapokipanda na ndoo kichwani. Safari ya mwisho niliona Uganda yote. Shadya, aliyekuja kuhakiki pointi zake, alisimama kwenye milamula akinipiga picha.

"Mzee wangu, nisamehe," akaita. "Kumbe kweli maji yanapanda."

Ma Agnetha alichungulia ndani ya pipa nililokuwa nalijaza.

"Bado," akasema.