Tiketi ya Dewey

"Miwili," Mama alisema.

Mzee wa sare ya bluu aliinua redio ya mkononi hadi mdomoni na kulirudia neno lile kwa sauti tulivu ya mtu aliyezoea vilio vya wazazi. Mtoto wa kiume, miaka miwili, nywele nyekundu, fulana ya mistari. Watazame kwenye vigari vya watoto, alisema, watazame chini ya meza. Mtoto wa umri huo hafiki mbali. Nje gwaride lilikuwa bado linapita, na ngoma zake ziligonga kuta za kile chumba kidogo cha walinzi wa bustani ya michezo kana kwamba zilitaka kuingia. Mimi nilikuwa nimeshika kigari kitupu cha mdogo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijua, kama Mama alivyojua, kama Baba aliyesimama mlangoni na kofia mkononi alivyojua, kwamba hakuna mtoto wa miaka miwili aliyepotea katika bustani ile.

Dewey alikuwa na minne.

Safari ile ilizaliwa jikoni kwetu, Ohio, katika majira ya baridi ambayo hayakutaka kwisha. Baba yangu, Garland, alikuwa akisambaza mikate kwa lori. Mama yangu, Nadine, alikuwa mpishi wa shule. Kila mtoto mtaani kwetu alikuwa ameshafika Florida kwenye bustani ile ya michezo, au alisema ameshafika, na Mama aliamua kwamba kiangazi kile watoto wake nao wangefika. Alikuwa na kipaji cha kubana matumizi kama watu wengine walivyo na kipaji cha kuimba. Alipoanza kupanga, uso wake uling'aa.

"Hatupandi ndege, tunaenda na gari," alisema. "Chakula kinatoka kwenye kasha la barafu. Mkate na siagi ya karanga haujawahi kuua mtu."

"Na kulala?" Baba aliuliza.

"Ile moteli ya kando ya barabara kuu. Tunaenda kulala, Garland, hatuendi fungate."

Baba alicheka. Kisha Mama akapangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari. "Lakini ile karamu ya jioni ndani ya kasri la bustani, yenye vitambaa vyeupe mezani, hiyo siikati. Nimewapakulia watoto wa watu miaka yote hii. Mara moja tu nataka niketi, mtu mwingine aniletee sahani."

Sikuwahi kumsikia akijiombea kitu. Nadhani hata Baba hakuwahi, kwa sababu aliinuka akambusu utosini.

Hesabu ikakaa sawa, isipokuwa tiketi moja. Haba na haba ilijaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikataa kujaa. Hapo ndipo Mama alipokumbuka kwamba watoto wasiotimiza miaka mitatu huingia bure.

"Dewey ni mdogo wa umbo," alisema, akimtazama Baba. "Tukimweka kwenye kigari, na chuchu ya mpira mdomoni, nani atajua?"

Baba alizungusha kikombe chake cha kahawa. "Hm," alisema.

Basi likawa limeamuliwa.

Tulifanya mazoezi njia nzima, kutoka Ohio, tukapita Kentucky, tukashuka Georgia ambako joto liliingia garini kama mgeni asiyebisha hodi. Mama alikuwa akigeuka kwenye kiti cha mbele: "Una miaka mingapi?"

"Minne," Dewey alijibu.

"Hapana, mpenzi wangu. Huu ni mchezo. Miwili."

"Miwili ni ya watoto wadogo. Mimi siyo mdogo. Birdie ndiye anayeogopa giza."

"Usinichongee," nikamwambia.

Tatizo la Dewey lilikuwa mdomo. Alikuwa na maneno ya kutosha kuendesha mahakama. Mwishowe Mama alimpa sheria nyepesi zaidi: akiulizwa, aoneshe vidole viwili tu; na akimwona mtu yeyote mwenye sare, asiseme hata neno moja. "Hata moja, Dewey. Ukisema, watatutoa nje, na safari yetu itakuwa imekwisha. Unanielewa?" Dewey alimtazama kwa macho makubwa. Alikuwa mtoto wa kuamini kila kitu. Baba alikaza macho barabarani, mikono yote miwili kwenye usukani, akaendesha.

Langoni, asubuhi ile, mkata tiketi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Aliinama hadi usawa wa kigari. "Na huyu mtanashati ana miaka mingapi?"

Nilihisi mkono wa Mama ukibana bega langu. Dewey alikuwa amekunja miguu yake mirefu chini ya blanketi, katika jua lile la kuchoma, chuchu ikimtoka kona ya mdomo kama sigara ya mzee. Taratibu, akatoa vidole viwili.

"Lahaula," yule mama akasema. "Ana meno ya kutosha!"

"Kwao Garland wote huota meno mapema," Mama alisema, na kucheka kicheko nisichokijua.

Tukapita.

Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilipanda treni ya kupanda na kushuka pamoja na Baba na nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Lakini kila niliposhuka, nilimkuta Dewey amefungwa mkanda kwenye kigari chake, uso mwekundu, jasho likimtiririka, akiwatazama watoto wa umri wake wakizunguka kwenye magari madogo yenye honi. Alikuwa ameyapenda magari yale tangu tulipoyapita. Bango lilisema ni ya watoto kuanzia miaka mitatu.

"Nitakuwa na mitatu lini?" alimnong'oneza Mama.

"Shh," Mama alisema, kwa kuwa mfagizi alikuwa akipita, naye alikuwa na sare. Huko ndani kila mtu alikuwa na sare: wauza maji, wafagizi, waendesha michezo. Dewey hakufungua mdomo hadharani siku nzima, na sasa nikifikiri, hilo peke yake lingetosha kututisha.

Gwaride lilipoanza, umati ulitusukuma hadi kwenye kamba. Mama aligeuka kufungua kasha la barafu, Baba alininyanyua nione. Tulipotazama chini tena, mkanda wa kigari ulikuwa umefunguliwa, tena vizuri, kama unavyofunguliwa na mtoto mwenye akili na vidole vya miaka minne, na blanketi lilikuwa chini.

Tulimwita. Sauti zetu zilipotelea kwenye tarumbeta. Mama alikimbia huku na Baba kule, mimi nikaambiwa nisiondoke, na nikabaki nimesimama nikilitazama lile blanketi likikanyagwa. Upande wa magharibi wingu jeusi lilikuwa limeanza kupanda. Katikati ya bustani kulikuwa na ziwa la kuchimbwa lenye mashua za watoto, na sote watatu tulikuwa tunalifikiria bila kulitaja.

Ndivyo tulivyofika kwenye kile chumba, mbele ya yule mzee, ambaye jina Ostrander lilikuwa limeshonwa kifuani pake. Ndivyo Mama alivyosema "miwili". Hakukusudia uovu. Nadhani neno lilitoka lenyewe, jinsi mguu unavyokanyaga breki. Lilikuwa limezoeshwa njia nzima kutoka nyumbani. Lakini lilikwisha kutoka, likaingia redioni, na sasa watu bustani nzima walikuwa wakiinama chini ya meza kumtafuta mtoto ambaye hayupo.

"Anajua kutaja jina lake?" Ostrander aliuliza.

Mama alikitazama kigari kitupu mikononi mwangu.

Nilimgeukia Baba. Ukimya wa baba yangu nilikuwa nimeuona maisha yangu yote nikidhani ndio upole. Mchana ule kwa mara ya kwanza uliniogopesha. Alikuwa akiikunja kofia yake, akiikunjua, akiikunja. Nje radi ilinguruma mbali, na mtu kwenye redio akasema mashua zinafungwa kwa sababu ya hali ya hewa.

"Nadine," Baba alisema. Hilo tu.

Mama alishika ukingo wa meza. "Minne," alisema. "Ana miaka minne. Anajua jina lake, jina la mtaa wetu, na jina la kila mbwa wa mtaa huo. Nilidanganya langoni ili nisilipe. Mtatufukuza, sawa, tutaondoka, lakini kwanza mtafuteni mtoto wa miaka minne. Anafungua milango. Anapanda ua." Alivuta pumzi. "Na nilimwambia asiongee na mtu yeyote mwenye sare. Nilimtisha. Akiwaona atajificha."

Ostrander alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni pake, na nadhani Mama angependelea hasira. "Sikilizeni wote," alisema redioni. "Futeni taarifa ya kwanza. Miaka minne. Msimkimbize. Narudia, mkimwona, msimkaribie."

Redio ilikwaruza. Kisha sauti ya msichana ikajibu, na ilikuwa inatetemeka. "Mzee, nilimwona mmoja wa hivyo hapa kwenye magari ya honi. Nikadhani siye, maana mlisema mdogo. Nilipomsemesha akakimbia. Amepita chini ya uzio, upande wa ziwa."

Tulikimbia. Matone ya kwanza ya mvua, mazito kama sarafu, yalikuwa yakianguka juu ya lami ya moto. Gati la mashua lilikuwa limejengwa kwa mbao juu ya nguzo, na msichana wa redio alikuwa amesimama mbali nalo kama alivyoagizwa, mikono mdomoni, akionesha kwa kidevu. Chini ya gati, pale mbao zilipokutana na tope la ukingo, nikaiona fulana ya mistari. Dewey alikuwa amechuchumaa kwenye boriti nyembamba, maji meusi yakitikisika chini ya viatu vyake.

"Dewey!" Mama alipiga magoti. "Njoo, mwanangu. Njoo kwa Mama."

Dewey alimwona. Alinyoosha mkono kumwelekea. Kisha akamwona Ostrander nyuma yake, na sare ile ya bluu, akarudi nyuma kwenye boriti. Mguu mmoja ukateleza ukaingia majini hadi gotini, akaunyanyua. Hakulia. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa amebana midomo yake kwa nguvu zote, kidevu kikimtetemeka, na akatoa mkono mmoja kwenye nguzo ili atuoneshe vidole viwili.

Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena. Baba alikuwa ameshavua viatu, akishuka tope polepole, lakini boriti ilikuwa mbali na mvua ilikuwa inazidi.

"Shika nguzo," Mama alisema. "Shika kwa mikono yote miwili. Mchezo umekwisha, Dewey. Nimemwambia huyu bwana ukweli. Muulize."

Ostrander alipiga magoti kwenye tope kando ya mama yangu, suruali yake iliyopigwa pasi ikazama. "Mama yako ameniambia una miaka minne," alisema. "Ni kweli?"

Dewey alimtazama Mama. Mama alitikisa kichwa kukubali, mvua na machozi vikimtiririka pamoja.

"Minne na nusu," Dewey alisema, na hapo hapo akaangua kilio, na mikono ya Baba ikamfikia.

Hakuna aliyetufukuza. Ostrander alisema ameona makubwa kuliko hayo, akatupa taulo, akamwambia Mama aende zake apumzike. Mama alikataa. Alitembea hadi langoni huku nywele zake zimeganda usoni, akasimama kwenye dirisha la tiketi wakati watu wengine wote wanatoka wakikimbia mvua, akanunua tiketi ya mtoto kwa siku iliyokuwa imebakiza saa chache. Alilipa kwa noti za karamu ya kasri. Msichana wa dirishani alimweleza mara mbili kwamba haina faida. "Najua," Mama alisema. "Nipe."

Mvua ilipopungua tulirudi garini. Dewey alilala kabla sijafunga mkanda wake, akinuka tope. Baba alikaa nyuma ya usukani bila kuwasha gari, na maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo cha mbele kiasi kwamba ulimwengu wote ulikuwa umeyeyuka.

"Ulijua si sawa," Mama alisema. Hakuwa anamlaumu, aliuliza kama mtu anayetafuta njia. "Tangu jikoni ulijua. Kwa nini hukuniambia, Garland?"

Baba alikaza mikono kwenye usukani.

"Nilidhani nikinyamaza," Baba alisema, "basi mimi simo."

Mama alimtazama. Halafu akanyoosha mkono akawasha gari yeye mwenyewe, kutoka kiti cha abiria, na Baba akaliondoa.

Majira ya baridi yaliyofuata waliketi tena mezani kupanga matumizi, na Baba akasema hapana. Akasema kuhusu jiko, kuhusu bima, kuhusu matairi, kuhusu mambo ambayo sikujua kama ana maoni juu yake. Mama alipandisha sauti, naye akapandisha ya kwake, kwa kusitasita kwanza, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Majirani lazima walisikia. Mimi nilikuwa chumba cha pili, kitandani, mtoto ambaye siku zote aliogopa ugomvi wa wakubwa. Nikawasikiliza kwa muda, kisha nikajifunika vizuri na kulala.