Mistari Mitatu ya Mwisho

...mitatu tu, imebaki mistari mitatu, kidole cha Lemel kimekaa juu ya wa kwanza na hakisogei, na vifungua mimba wa mji mzima wameizunguka meza na njaa zao, maana leo jioni Pasaka inaingia na kila kifungua mimba hufunga mchana kutwa, isipokuwa akisikia mtu anamaliza kitabu cha Talmudi, mafunzo ya marabi wa kale, hapo furaha ya kumaliza huvunja saumu, basi soma, Lemel, soma... “Mzee Lemel, umelala?” huyo ni Getzel mwoka mikate, ana haki yake, keki zake zina chachu, na chachu ni mwiko wa Pasaka, ikipita saa nne asubuhi haziliwi tena, zitachomwa moto... na kitabu chenyewe walikianza wawili, yeye na Zundel, benchi moja, miaka kumi na mmoja wakibishana mpaka majirani wakifunga madirisha, ubishi mtamu ule, hadi Alhamisi ile Zundel alipokifafanua kifungu kwa namna yake, na Lemel, mbele ya watu wote, mbele ya mkwe wa Zundel, “Hata punda wa muuza maji angeelewa kuliko wewe!” watu wakaangua kicheko, loo, ulimi huu, Zundel akavua miwani, akaifuta taratibu, akatoka, mwaka wa tatu huu... “Kwani Zundel si kifungua mimba?” “Kafunga, na homa yake yote! Mkewe kamlilia weee, yeye anasema heri afe na njaa kuliko kula keki ya sherehe ya Lemel,” mkaidi yule, mkaidi... mkaidi nani, lakini, maana Jumanne, akijitayarisha, Lemel aliyaona pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, maneno ya mwalimu wa kale, na yalikuwa yale yale ya Zundel, naye akafanya nini, akafunua ukurasa haraka kama mtu aliyefumaniwa, akanywa chai, hakumwambia mtu, na kila Siku ya Toba alikuwa akisema aje yeye aniombe radhi, yeye!... “Jamani, saa nne hiyo inakuja, tule!” akisoma watakula, na Zundel atabaki kitandani midomo mikavu, na yeye atakuwa amemaliza peke yake kitabu cha watu wawili, mwizi mkubwa, Mungu wangu, nimekosa, si yeye, ni mimi, ndiyo, lakini kulisema moyoni rahisi, alimwaibisha mbele ya watu, na lazima lisemwe mbele ya watu, hawa hawa, wenye njaa, watakaocheka tena... “Soma basi, mzee!” na kidole kiko pale pale, na Lemel anainua macho kutoka kitabuni, “Jamani, kabla ya kusoma, nina neno juu ya Zundel...”