Nani Amelegeza Chujio?

Ofisini walimwita Chekeche, na jina lilimkaa sawasawa. Kampuni yao ilihudumia barua pepe za hospitali, shule na vyama vya ushirika, na kila barua iliyokuwa ikienda kwa wateja hao, na hata kwa wafanyakazi wenyewe, ilipita kwanza kwenye chujio alilolisimamia yeye. Chujio liliipa barua alama: mtumaji asiyejulikana, moja; kiungo cha kutilia shaka, mbili; maneno ya kumharakisha mtu, mbili tena; na kadhalika. Barua ikifikisha tano, inazuiliwa. Miaka tisa ya kazi hiyo ilimfanya Chekeche ashuku hata salamu.

Aliyeketi mbele yake alikuwa mke wa kaka yake, na Chekeche mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi pale. Siku za mwanzo, kila alipoita "Wifi!" chumba kizima kiligeuka kutazama kisanduku cha intaneti ukutani, na watu wakacheka hadi wakazoea.

Jumanne asubuhi simu ililia. Alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali moja ya wazazi.

"Mwanangu, niliandikiwa kwamba sanduku langu la barua limejaa, nibonyeze mahali niandike nywila. Nimeandika, na sasa siwezi hata kuingia."

"Usibonyeze kitu kingine, mama. Naifunga hiyo akaunti sasa hivi."

Alibadilisha nywila ya yule mama, kisha akaitafuta ile barua. Kilichomshtua ni kwamba haikuwa na alama hata moja. Chujio halikuigusa kabisa, kwa sababu anwani iliyoituma ilikuwa kwenye orodha ya wanaopita bila kukaguliwa. Kwenye orodha ile waliingia wateja wa siku nyingi tu, na hakuingizwa mtu bila kujadiliwa. Akafungua kumbukumbu za mtambo aone ni nani aliyeiweka.

Ilikuwa akaunti ya wifi yake. Ijumaa, saa saba mchana.

Chekeche aliinua macho polepole. Wifi alikuwa anaandika, kichwa kimeinama, kama mtu asiye na neno na mtu.

Hapo ndipo angemwendea bosi. Hakwenda. Aliifuta ile anwani kwenye orodha, akanyamaza, akasubiri aone kama itarudishwa. Alitaka kumkamata mkono ukiwa ndani ya chungu.

Siku mbili zile alimwandama kwa macho. Alikwenda kuchota maji mara kumi ili tu apite nyuma ya kiti cha wifi. Alimwona akifunika kioo cha simu kwa kiganja. Alimwona akitoka kwenda kuongea kwenye ngazi, akirudi uso umembadilika. Jumatano jioni alimpigia kaka yake.

"Mkeo siku hizi anaongea na nani sana?"

"Dada, hilo ni swali la ofisi au la nyumbani?"

"Nauliza tu."

"Basi mimi sikusikia," alisema kaka, akakata simu.

Alhamisi, karibu na mapumziko ya mchana, Chekeche alikuwa amekodolea macho kumbukumbu za mtambo, wakati mstari mpya ulipojiandika. Ile anwani imerudishwa. Akaunti ni ileile. Akanyanyuka nusu, akatazama mbele.

Wifi alikuwa anamenya chungwa. Vidole vyake kumi vyote vilikuwa na maji ya chungwa, na kompyuta yake ilikuwa imezimwa.

Chekeche alibaki amenyanyuka vilevile, si kukaa si kusimama.

"Wifi," alisema hatimaye, "kuna mtu anatumia akaunti yako."

Waliifunga akaunti ile papo hapo na kuifuta tena ile anwani. Kisha ikabidi Chekeche aeleze alijuaje, na tangu lini. Wifi alisikiliza huku akifuta vidole kimoja kimoja.

"Tangu Jumanne? Umekaa siku mbili ukinitazama, na mwizi yuko ndani?"

"Ulikuwa unaongea kwa siri, wifi. Ningefikiri nini?"

"Natafuta kazi nyingine. Nimechoka kuwa mtu aliyeletwa na wewe. Nikikosea kidogo tu, naona unavyonitazama."

Wakarudi kwenye kazi, maana ilibidi wajue mwizi aliipataje nywila. Wifi alipekua sanduku lake la barua hadi akaipata: barua ya wiki mbili nyuma, yenye nembo ya kampuni yao wenyewe, ikisema mtambo unahamishwa na kila mfanyakazi aingie upya.

"Niliamini," alisema wifi. "Nilijua ingekuwa taka usingeiachia ipite."

Chekeche aliangalia alama za barua ile. Sita. Ilipaswa kuzuiliwa. Ilipitaje? Akafungua mipangilio ya siku ile. Kikomo cha alama kilikuwa kimepandishwa kutoka tano hadi nane kwa siku mbili, na aliyekipandisha ni yeye. Sasa akakumbuka: mwalimu mkuu mmoja alimfokea kwenye simu kwamba barua za wazazi zinamezwa, naye akalegeza chujio ili apumue, akisema atalirudisha baada ya chakula. Alisahau hadi kesho yake jioni.

Angeweza kunyamaza. Wifi hakuwa na ruhusa ya kuifungua mipangilio ile. Chekeche aligeuza kioo ili naye aone.

"Ni mimi," alisema. "Soma hapo."

Wifi alisoma, akasoma tena. Hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake, akasema anakwenda kula.

Mchana ule Chekeche alimweleza bosi yote, pamoja na siku mbili za kunyamaza, kisha akawaandikia wateja wote barua yenye jina lake chini. Hospitali ilikuwa imepoteza sanduku la pili la barua Alhamisi ileile, la maabara, katika dakika chache ile anwani iliporudi, nalo lilichukua wiki nzima kusafishwa. Bosi alimwondolea ruhusa ya kubadilisha kikomo peke yake.

Mwisho wa mwezi wifi aliondoka kwenda kazi mpya. Jumapili iliyofuata Chekeche alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Wifi ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu," alisema, kwa sauti ya kumkaribisha mgeni, akampisha njia baada ya kumtazama kidogo.

Chekeche alivua viatu, akaingia.