Majani ya Mbuzi wa Jirani

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria mara mbili, taratibu, kama cha mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Hakujapambazuka. Nilijua ni mkwe wangu, anamkorogea mwanawe uji wa muhogo.

Nilikuwa nimefika jana yake. Mwanangu alinipigia simu kwamba mtoto ametimiza miaka miwili na uzito haupandi. Muuguzi wa kliniki alisema wiki mbili zikipita hivyo hivyo, atalazwa.

Nikaenda jikoni. Uji ulikuwa mzito, mweupe, hauna hata donge. Pakiti ya unga huo wa muhogo ilikuwa rafuni, imeandikwa "protini ya mimea" kwa herufi kubwa.

"Nampa mara nne kwa siku, mama," alisema bila kunitazama. "Simnyimi."

"Naona, mwanangu."

Na niliona kweli. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Kulipokucha alichimba muhogo nyuma ya nyumba. Mizizi akaitia kwenye beseni, majani akayafunga fungu na kuyarusha ng'ambo ya ukuta. Mbuzi wa jirani alikuwa anangoja pale pale, kama mtu aliyealikwa.

"Kila siku unampa?"

"Kila siku. Anayapenda huyo!"

Nikachungulia. Mbuzi alikuwa mnene, manyoya yanang'aa.

"Kumbe mjukuu wangu ni huyu," nikasema. "Yule wa ndani ni mgeni tu."

Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mama, umekuja kunisema?"

"Nimekuja kutwanga."

Mambo ya protini siyajui. Nilijua tu kwamba sisi tulikuzwa kwa kisamvu na maharage, na mzizi ulikuwa wa kujaza tumbo. Jirani, fundi viatu, alituletea kinu mlangoni mwenyewe, na ndani yake ameweka kopo la karanga.

Tulitwanga majani machanga mpaka yakalainika, tukayachemsha bila kufunika. Mkwe wangu akataka kuepua.

"Bado. Yasipoiva vizuri yana sumu. Tuliza moyo."

Siku ya kwanza mtoto alikula vijiko vitatu, cha nne akakitema kwenye gauni langu. Siku ya tano alimaliza bakuli.

Wiki mbili zilipotimia tulikwenda kliniki. Muuguzi alimweka mtoto kwenye mizani, akamtoa, akamrudisha tena. Mkwe wangu alinishika kidole kimoja tu, akakibana.

"Gramu mia nne zimeongezeka," muuguzi alisema. "Mmempa nini?"

"Chakula cha mbuzi," mkwe wangu akajibu.

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba mzizi hutia nguvu lakini protini yake ni kidogo mno. Majani yana zaidi, na maharage na karanga huongezea. Hakumgombeza. Nilimpenda kwa hilo.

"Halazwi. Mleteni mwezi ujao."

Jioni fundi viatu alipiga hodi kuchukua kinu.

"Bibi, mbuzi wangu anauliza unaondoka lini. Amekonda."

"Kesho. Mwambie avumilie."

Asubuhi mkwe wangu alinifungia mkoba. Aliikunja khanga yangu, akaikunjua, akaikunja upya. Kinu kilikuwa bado sakafuni. Fundi alikuwa amekiacha.

"Mama," alisema, "njoo tena kabla ya mizani ya mwezi ujao. Tafadhali."