Wimbo wa Kumlaza Mtoto

Tangu kiharusi kimwangushe mchomeleaji karakanani, mkewe ndiye aliyekuwa mkono wake na ulimi wake. Alimnyoa, alimlisha, alimgeuza kitandani. Mume alibakiwa na neno moja tu, "basi", akalitumia kwa chai, kwa hasira na kwa haja ndogo.

"Upande wa ubongo unaopanga maneno ndio ulioumia," mwalimu wa usemi wa hospitali alimweleza mke. "Lakini nyimbo zina njia zake. Wapo wasioweza kusema 'maji' wakaimba ubeti mzima. Tutafute wimbo aliouimba sana, ule uliomwingia damuni."

Mke aliimba nyimbo za harusi yao; mume akamkodolea macho. Akaimba za redioni, akaambulia "basi". Mwalimu akaushika mkono wa mgonjwa usiopooza, akaanza kuugongesha mezani pole pole, kama anayebembeleza. Mume akafumba macho, akaimba:

"Lala kidege changu, baba yupo mlangoni. Nikirudi safari, nitakuletea viatu."

Kila neno lilitoka limenyooka. Mwalimu alipiga makofi. Mke alicheka huku machozi yakimtoka, akamshika mumewe shavu. Kisha mkono wake ukaganda palepale. Nyumbani kwao hapakuwahi kulala mtoto. Walihangaika kwa madaktari hadi mume mwenyewe akamwambia, "Tosheka na mimi, mke wangu." Naye akatosheka.

Jioni, mdogo wa mumewe alikuja kusaidia kumwogesha.

"Shemeji, kidege ni nani?"

Shemeji aliinamia beseni. "Nani kakwambia?"

"Kaka yako."

"Kaka hasemi."

"Ameimba."

Shemeji alikaa kwenye ukingo wa kitanda, maji yakimchuruzika viganjani. "Ni binti. Ameanza shule mwaka huu."

"Na mama mkwe anajua?"

"Yeye ndiye aliyempa jina."

Mama mkwe huyohuyo alikuwa akimkumbatia kila mwezi ulipopita mtupu, akimwambia avumilie, Mungu yupo. Kumbe ukoo mzima ulikuwa ukimtazama tu.

Alimkausha mumewe mgongo, akamfunga vifungo vya shati. Mume alimwangalia. "Basi," alisema. "Basi."

"Nilikuwa nahangaika upate sauti," mke alimwambia taratibu. "Mwenzangu ulikuwa nayo siku zote, na hukuniambia."

Akamgeukia shemeji. "Mwite binti na mama yake waje wamuuguze. Mimi nimefika mwisho."

Mwanamke yule alifika na binti yake, macho chini. Mke hakumtukana. Alimwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza bega, akamwelekeza chumba cha mwalimu wa usemi kule hospitali. Mtoto alikuwa ameshapanda kitandani, na mume akaanza kumwimbia, uso umemng'aa kuliko mke alivyowahi kumuona tangu augue.

Mke akachukua cherehani yake, akaenda kwa dada yake. Dada alimuuliza kama anamchukia mumewe.

"Natamani ningeweza," alisema. "Kila asubuhi bado naamka nikidhani ni zamu yangu kumgeuza."