Uzi wa Namba Tisa

Suruali hupigwa pasi kwanza, shati baadaye. Suruali inavumilia mkono wenye usingizi, shati linataka mkono ulioamka. Saa mbili asubuhi dobi alikuwa kwenye suruali ya tano, fulana imemgandia mgongoni. Mtaa mzima unamwita Mkunjo, kwa sababu ule mstari anaouweka mbele ya suruali, wanasema, unaweza kunyolea ndevu.

Mwalimu mmoja aliyewahi kuishi mtaa ule akaingia na furushi la nguo begani.

"Shikamoo, Mkunjo. Kumbe bado upo?"

"Marahaba. Nipo nusu, nusu nyingine imeshaungua na pasi. Ulipotelea wapi?"

"Si walinihamisha shule. Miaka mitatu. Sasa wamenirudisha. Nguo zangu bado zina alama yako, hutapata kazi ya kushona upya. Mimi namba tisa."

Mkunjo alitaka kucheka. Kisha akakumbuka. Namba tisa alikuwa gerezani, kwenye vile vyumba ambavyo mtu hatoki ila kwenda kunyongwa.

Akaisimamisha pasi wima juu ya kitako chake, akageuza kola ya shati la juu. Msalaba mmoja na vijiti vinne. Msalaba ni tano, vijiti ni moja moja, jumla tisa. Uzi mwekundu.

Kila dobi ana ujanja wake wa kujua nguo ya nani ni ipi. Mkunjo hushona alama ndani ya kola, na mteja akihama, namba yake hupewa mteja mpya. Si kwa ubahili. Ni uvivu tu. Namba kubwa zina misalaba mingi, sindano inachosha macho, nani anataka kushona mia na arobaini na sita kwenye kola ya mtu? Mwalimu alipohama, tisa ikawa ya Fundi Bomba, jirani wa nyumba ya nne. Na mwezi huohuo uzi mwekundu uliisha, akanunua wa bluu, hajabadilisha tena mpaka leo.

"Mwalimu, ulikuwa na shati la michirizi ya kijani?"

"Lile? Nililipenda sana. Siku ya kuhama nilimwachia mlinzi wa shule mfuko mzima wa nguo. Sijui alizivaa, sijui aliuza. Kwa nini?"

Mkunjo akavuta kiti akakaa, jambo ambalo huwa halifanyi mchana.

Miaka miwili nyuma mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipigwa nyundo akafa, na nyuma ya duka likaokotwa shati la michirizi ya kijani lenye damu. Polisi wakapita kwa madobi na kola mkononi. Fundi Bomba alikuwa amewahi kugombana na marehemu kwa sababu ya mabomba mabovu. Akasema shati si lake. Mahakamani Mkunjo akaapa, akaulizwa alama ni ya nani, akajibu ni ya Fundi Bomba. Hakuna aliyeuliza kabla yake ilikuwa ya nani, na yeye akili haikumpeleka huko. Dobi husoma idadi ya vijiti. Rangi ya uzi kwake ni kama rangi ya sindano.

Lakini sasa alikumbuka. Pale kizimbani ilibidi ahesabu alama kwa kucha, kijiti kimoja kimoja, kwa sababu uzi ulikuwa umefanana na damu iliyoukaukia. Uzi wa bluu usingemsumbua hivyo.

"Nguo zako nitazifua kesho," alimwambia mwalimu, akachomoa waya wa pasi ukutani.

*

Mke wa Fundi Bomba alifungua mlango nusu. Tangu hukumu hakuwa amemsalimia Mkunjo hata mara moja, na nguo zake alizifua mwenyewe.

"Umekuja kuhesabu nini tena?"

"Shemeji, naomba kuona nguo zake. Kola tu."

Mwanamke akaufungua mlango wote, akavuta sanduku chini ya kitanda. Mashati sita, mawili ya kazi yenye madoa ya gundi ya mabomba. Mkunjo akageuza kola moja baada ya nyingine. Bluu. Bluu. Zote sita.

Akamweleza, akijikwaa kwenye maneno. Mwanamke alisikiliza huku akiyakunja mashati upya, polepole, kama vile mwenyewe angerudi jioni kuyavaa.

"Alisema si lake," alisema. "Alisema ukiwa umesimama palepale."

"Mimi niliulizwa namba ya nani."

"Ukajibu."

"Nikajibu."

"Rufaa ya mwisho imetupwa mwezi uliopita. Sasa inangojwa sahihi ya mkubwa wa nchi, basi. Wanasema huwa hawakuambii siku." Akamwekea shati moja mikononi. "Chukua. Ukawaonyeshe hiyo bluu yako."

*

Masjala ya mahakama ilikuwa na foleni iliyotoka mpaka nje ya mlango, na karani aliyevaa miwani juu ya paji la uso, labda ili kichwa kione vizuri. Zamu ya Mkunjo ilifika saa saba. Karani alilitafuta jalada, akalipata, akapuliza vumbi.

"Shahidi wa nne, dobi. Huyo ni wewe? 'Alama ya uzi kwenye kola, namba tisa, ni ya mshtakiwa.' Imeisha hapo."

"Rangi ya uzi?"

"Haikuandikwa."

"Basi tulitazame shati lenyewe. Kama uzi ni mwekundu, si la Fundi Bomba."

Karani akafunua kurasa mbili za mwisho. "Shati halipo, mzee. Rufaa ikiisha vielelezo huteketezwa. Hili limeteketezwa wiki mbili zilizopita. Sahihi hii hapa."

"Mtu bado mzima, shati lake mmeshalichoma?"

"Chumba chenyewe kidogo. Panya wamejaa."

"Kwa hiyo shati limetangulia kumwekea nafasi."

Watu wawili kwenye foleni walicheka, halafu wakaona aibu. Karani akainama karibu na dirisha. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na njaa tu kama kila mtu mle ndani.

"Sikiliza. Kesi kufunguliwa tena inataka wakili, na ushahidi mpya. Kumbukumbu yako si ushahidi mpya. Halafu ukienda kinyume na kiapo chako, unashtakiwa wewe. Kusema uongo chini ya kiapo, miaka saba."

Mkunjo alifikiri kidogo. "Nikishtakiwa, napelekwa mbele ya hakimu?"

"Lazima."

"Na nitakachosema kinaandikwa?"

"Kila neno."

"Na rangi?"

Karani akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mzee wangu, nenda nyumbani," alisema. "Anayefuata."

*

Mpelelezi wa ile kesi alikuwa amepanda cheo. Sasa alikuwa na ofisi yenye feni kituoni, na kikombe chenye jina lake. Alimsikiliza Mkunjo akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Unataka nikushtaki kwa uongo."

"Ndiyo, afande."

"Uongo gani? Uliulizwa namba ya nani, ni ya nani?"

"Ya Fundi Bomba. Lakini ilikuwa pia..."

"Basi ulisema kweli. Mimi siwezi kumshtaki mtu kwa kusema kweli." Alitabasamu. "Uzi mwekundu, uzi wa bluu. Unadhani mtu ananyongwa kwa uzi?"

"Huyu ananyongwa kwa uzi," alisema Mkunjo.

Tabasamu likaondoka. Mpelelezi akazima feni, akamtoa Mkunjo nje kwa kiganja mgongoni, bila kumsukuma, akafunga ofisi na kwenda zake.

Mkunjo akabaki kwenye korido na shati mkononi. Kisha akaenda kaunta, ambako konstebo kijana alikuwa na kile kitabu kikubwa ambacho kila kinachoandikwa humo hupewa namba, na kikishapewa namba lazima mtu akijibu.

"Nimekuja kujishtaki," alisema Mkunjo.

"Haya. Jina nitaandika baadaye. Kosa?"

"Andika mauaji."

Konstebo akaketi vizuri. "Aliyeuawa?"

"Fundi bomba mmoja, jirani yangu. Nina wenzangu, lakini wao hawataki kuja."

"Wangapi?"

"Hesabu na jaji."

Konstebo hakuelewa, lakini aliendelea kuandika. "Kauawa lini?"

"Bado."

Kalamu ikasimama. "Bado nini?"

"Bado hajafa."

Konstebo akamtazama, akalitazama shati, akakata kwa mstari alichokuwa ameandika, taratibu, asichafue ukurasa.

"Basi, mzee wangu, urudi akishakufa."

Nyuma yao alikuwa amefika mama aliyeibiwa simu, ana haraka. Mkunjo akasogea pembeni ampishe. Mlangoni hakwenda. Alilitandaza shati juu ya kaunta, karibu na kitabu, akaigeuza kola ndani nje, uzi wa bluu uonekane, akasimama hapo.